Kidole Kimoja Chini

Mbele ya mlango ule mzito tulikuwa watu watano. Naanza na majina yao, maana masomo niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki tena. Mwenye kulala juu ya kitanda cha magurudumu alikuwa Numbi, dada wa marehemu bwana yangu. Wengine wanasema wifi. Sisi wa Kamina tunasema mulamu, na mulamu una ruhusa ya kumtania hata akiwa anaumwa. Pembeni yake alisimama Kalenga, mkwe wake, mfanyakazi wa njia ya reli, mwenye alitubebea mizigo na makaratasi tangu Kamina. Kwenye benchi aliketi Mama Bwalya, Mzambia, mgonjwa wa titi, akingoja zamu yake. Mwenye kuongoza mashine alikuwa kijana Chanda. Wa tano ni mimi, Ngoie Veronika, mwoshaji wa wagonjwa. Mujinga, binti wa mwisho wa Numbi na mke wa Kalenga, hakuwako. Alibaki Kamina na mimba ya miezi saba.

Numbi mwenyewe, mpaka alipokufa, alisema tulikuwa sita. Nitafika huko.

Mwaka huu nimeacha kazi, na ninyi wenye mumebaki kwenye sali ya wanawake, ile wodi yetu, muliniomba nyuma yangu niache neno. Nimenunua daftari. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala mshahara ulikuja mwezi gani. Cheo hakikunihusu, na mshahara nao ulikuwa na tabia zake. Nitaandika habari ya kuosha watu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Majina ya watu nitayaandika yote. Jina la lopitali ya Zambia, kwenye mlango ule mzito, sitaliandika, kwa sababu hawakukosa kitu. Kosa lilikuwa langu.

Siku yangu ya kwanza kazini Masere Alfonsina, mtawa mkubwa wa sali, alinipa besani ya bati, kipande cha sabuni na vitambaa viwili: kimoja cha uso, kimoja cha kwingine. "Siku utakayovichanganya," akasema, "utarudi kulima muhogo." Alikuwa mtu wa Kabondo-Dianda, mfupi, na alitembea bila kutoa sauti, unageuka, yuko nyuma yako. Yeye ndiye aliyenifundisha kujaribu maji kwa kiwiko, si kwa vidole, kwa kuwa vidole vya mtu wa kazi vimekufa na havijui moto. Ndiye aliyenifundisha kumwambia mgonjwa mahali nitakapomgusa mbele ya kumgusa. Na ndiye aliyenipa kazi ya alama.

Ile kazi ninyi hamukuikuta. Siku zile watu walipita kwanza kwa nganga wa kijijini, ndipo wakaja kwetu, na walifika wamechorwa: mistari ya pemba, ile chokaa nyeupe, juu ya kifua, madoa ya makaa kwenye mbavu. Dokta wa wakati ule akiona alama juu ya ngozi alikasirika. Alimwuliza mgonjwa kama amekuja kutibiwa ao anapita tu. Kwa hiyo kila asubuhi, mbele ya dokta kupita, mimi nilipita na besani. Alama zote zitoke.

Wa kwanza kabisa alikuwa mzee Kyungu, mtu wa Malemba-Nkulu. Mstari wa pemba ulimshuka toka koo mpaka kitovuni. Nikausugua. Akanishika mkono. Hakuwa na nguvu yoyote, lakini sikuweza kuutoa.

"Mutoto, umefuta njia."

"Njia gani, tata?"

"Ya ule mwenye kunifata. Sasa atapita wapi?"

Siku tatu alilala macho yake kwenye mlango. Hakula, hakunywa, hakufa. Muganga Banza, mwuguzi mwenye kupima mapigo ya moyo, alisema hajui ni kitu gani kinachomshikilia. Siku ya ine akaja mke wake, Mama Kisimba, na unga wa muhogo amefunga kwenye pindo la kikwembe, nguo yake ya kujifunga. Akachora mstari upya, palepale nilipofuta. Nilimwona na sikusema. Mzee akapumua kama mtu aliyefunguliwa mkanda, akakata roho kabla mke wake hajamaliza kufunga pindo. Masere Alfonsina alikuwa nyuma yangu, kama kawaida.

"Osha," akasema.

Nikaosha mara ya pili. Tangu siku ile mikono yangu ilijifunza neno moja: kuona alama, kufuta. Kichwa hakikuulizwa tena. Miaka mingi ilipita hivyo, na banganga wenyewe wakapunguza kuchora, lakini mikono haikusahau.

Wagonjwa wa tumbo ndio walionifundisha kuliko wengine. Musikaange samaki karibu na dirisha lao. Harufu peke yake inawatapisha. Uji mwepesi, kwa kijiko kidogo, mara nyingi, na mtu akae nusu-nusu, asilale chali. Mumwoshe kinywa kwa maji yenye chumvi kidogo. Na kila asubuhi muangalie choo. Choo cheusi, chenye kung'aa na kunata kama lami ile wanayopaka kwenye mataruma ya reli, hicho si chakula. Ni damu iliyopikwa ndani ya tumbo. Mukimbie kumwita dokta, musimalize hata kufagia. Hayo nimewaambia wanafunzi wengi wa uuguzi, na kila mmoja aliandika.

Mimi nilijua hayo yote Numbi alipoanza kuacha chakula.

"Bukari inanigomea, mulamu," aliniambia, bukari ndiyo ugali, siku moja tuko tunatwanga sombe, majani ya muhogo, nyumbani kwake.

"Mudomo wako njo unagomea bantu tangu zamani. Sasa tumbo linakulipizia."

Tukacheka. Nikaenda mwenyewe sokoni nikamnunulia ile dawa nyeupe ya maji, ya kupoza gastriti, uchungu wa tumbo. Chupa ikiisha, nyingine. Alinenepa kwa maneno, akakonda kwa mwili. Mwaka mmoja na nusu! Mimi, niliyeangalia choo cha watu kila asubuhi, sikumwuliza cha kwake kina rangi gani. Niliona haya. Mgonjwa wa kitandani sikumwonea haya, ndugu nikamwonea. Hilo mulishike kuliko yote yaliyo katika daftari hii.

Alianguka siku ya misa ya mavuno, akatapika kitu kama machicha ya kahawa. Lubumbashi walimwingiza mpira mwembamba wenye jicho, wakaona kidonda kikubwa cha kansa, na ini nalo limeshaguswa. Kisu hakikuwa na kazi tena. Dokta, Lwamba ndilo jina lake, hakutuzungusha.

"Kuko mashine Zambia yenye inatoa miale," akasema. "Moto wenye hauonekane. Haitamuponyesha. Inafunga damu, inapoza maumivu. Anaweza kupata wakati wa kukaa bila kuvuja."

Numbi aliuliza neno moja tu. "Mujinga atazaa mwezi gani?"

Dokta hakumjua Mujinga, ikabidi Kalenga ahesabu kwa vidole. Miezi miwili na kidogo.

"Basi njo hiyo nataka. Munifunge kama bomba, mpaka siku ile."

Niwaeleze kwa nini, wenye si wa ukoo huu. Katika ukoo wa bwana yangu, mtu mzima akitaka mtoto achukue jina lake, anampulizia usoni na kulitamka mwenyewe. Hapo jina limehama. Akifa mbele ya hapo, wengine watalitoa kwa niaba yake, na wengine wanaweza kukosea. Numbi alimzika mtoto mmoja wa Mujinga aliyepewa jina na wajomba, haraka-haraka, kwa simu. Tangu pale alisema: huyu atakayekuja, nitampa mimi kwa kinywa changu. Mujinga alimwambia Kalenga atufuate, asibaki kumlinda yeye. "Mimi naweza kuzaa peke yangu," alisema. "Mama hawezi kungoja peke yake."

Treni, basi, mpaka, basi tena. Nilimwosha Numbi kila tulipopata maji, na kila choo nilikiangalia, haya imekwisha. Kilikuwa lami.

Siku ya kufika walimpeleka kwenye vipimo. Kalenga alikuwa kwenye dirisha la makaratasi. Mimi nilikuwa jikoni kwenye nyumba ya wagonjwa, natafuta mahali pa kupika uji. Kwa hiyo maneno waliyomwambia Numbi hatukuyasikia sisi wawili, na yeye alirudishwa amelewa dawa ya maumivu, analala huku anatabasamu. Nikachota maji nimwoshe. Nikafunua nguo.

Tumbo lilikuwa limechorwa.

Msalaba mmoja mweusi pale mbavu zinapoachana, chini ya kifua. Madoa mengine mawili, moja ubavu wa kulia, moja wa kushoto. Juu ya kila alama, plasta yenye kuonyesha ndani kama maji. Nilifikiri nini? Nilifikiri kuna mtu pale kwenye nyumba ya wagonjwa, nganga wa huko, ameingia wakati sipo. Si kweli: sikufikiri. Mikono iliona alama. Nikabandua plasta, nikasugua kwa sabuni na kitambaa kile cha kwingine, mpaka ngozi ikawa safi kama ya mtoto. Nilikuwa naimba hata.

Asubuhi, kwenye bomba, nikamkuta Mama Bwalya anajipangusa shingo kwa uangalifu kama mtu anayepangusa yai. Nikamwuliza kwa nini haogi vizuri. Kibemba chake na Kiluba changu vinasikilizana kidogo, na Kiswahili kikasaidia. Akafungua nguo upande. Msalaba ule ule.

"Hizi ni za mashine," akasema. "Moto unafata hizi. Ukifuta, moto hauna njia."

Moto hauna njia. Sauti ilikuwa ya Mama Bwalya, lakini mimi nilisikia mzee Kyungu, na nikahisi mkono wangu umeshikwa. Nikatazama. Hakuna mtu. Nikaiangusha ndoo.

Akaniambia tena kwamba mwenye kupoteza alama anarudishwa nyuma, kwenye mstari wa wenye kungoja vipimo, na mstari ule ulikuwa wa majuma. Numbi hakuwa na majuma. Nilikimbia chumbani, nikachukua biki ya Kalenga, ile kalamu aliyojazia makaratasi ya mpakani, nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Numbi alikuwa ameamka.

"Unafanya nini na tumbo yangu, mulamu?"

"Narudisha chenye nilifuta."

Akaelewa kila kitu. Wagonjwa wanaelewa mbele yetu. "Unakumbuka pale vilikuwa?"

"Minyi Ngoie? Nakumbuka mpaka jina ya imbwa ya Masere Alfonsina."

"Imbwa haipimwe na mashine. Andika muzuri."

Nikafunga macho, nikaliona tumbo lile la jana, nikafungua macho, nikaandika. Kulia. Kushoto. Msalaba wa katikati. Jina la mbwa lilikuwa Simba, kama munataka kujua.

Sasa ndipo tuko mbele ya mlango, watu watano. Mlango wenyewe ni mnene kama ukuta wa kanisa na unajisukuma wenyewe. Ndani ni baridi. Mashine ni shingo kubwa nyeupe iliyoinama, haina moshi, haina harufu. Chanda alimlaza Numbi chini yake, akazima taa, na kutoka ukutani zikatoka nyuzi nyekundu za mwanga, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zikalala juu ya tumbo lake. Mlango ulikuwa bado wazi, nikaona. Uzi wa kulia ulilala juu ya doa langu. Wa kushoto hivyo hivyo. Wa katikati ulipita hewani juu ya msalaba wangu bila kuugusa, kama mtu asiyekujua anavyokupita njiani.

Chanda akainama. Akapitisha ukucha juu ya wino. Akawasha taa.

Mama yake alikuwa mchuuzi wa mpakani, Kasumbalesa, kwa hiyo Kiswahili alikijua. "Nani amechora hii?"

Kalenga akatazama viatu vyake.

"Njo minyi," Numbi akasema kutoka kitandani. "Nilijikuna, ikatoka, nikarudisha."

"Mama, hii ya katikati iko chini. Kidole kimoja." Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kidole kimoja kwa miale ni mbali. Ningefata hii, moto ungepiga matumbo na kidonda kingebaki kinavuja. Mgonjwa akifuta alama, natakiwa kumrudisha kwenye mstari. Juma linalokuja, ao lingine."

Numbi akageuza kichwa kunitazama. Hakuomba. Alikuwa tayari kurudi kwenye mstari na kufa humo, nisiaibike. Hapo ndipo miguu yangu ikaingia kwenye chumba kile bila ruhusa.

"Musimusikilize, Numbi iko naongopa tangu utoto. Ni minyi Ngoie. Nilifuta na sabuni. Nilizoea kufuta alama ya banganga. Naye alikuwa amelala, hakujua kitu. Ukitaka kurudisha muntu nyuma, unirudishe minyi."

Chanda akanigeukia. "Mama, umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Tangu mbele ya wewe kuzaliwa."

"Na hakuna siku uliuliza mgonjwa hii alama ni ya nini?"

Mama Bwalya ndiye aliyetuokoa. Alisimama kwenye benchi akasema zamu yake ya mashine ya siku ile wampe Numbi, yeye atarudi kesho, titi lake haliendi popote. Chanda akapiga simu mara mbili. Wakamrudisha Numbi kwenye picha saa ile ile, wakapima upya. Alama zangu Chanda alizifuta mwenyewe kwa pamba na dawa ya kukausha, zikatoka zote. Ngozi ikabaki nyeupe-nyeupe. Akachora zake. Mchana wa jua kali, mlango ukajifunga, taa nyekundu ikawaka juu yake.

Akaniruhusu nisimame nyuma yake. "Uangalie," akasema, "usifute tena." Kwenye kioo kidogo cha televisheni nilimwona Numbi peke yake chini ya ile shingo nyeupe. Mashine ikaanza kuzunguka polepole, na mlio wake ulikuwa kama nyuki ndani ya ukuta.

Midomo ya Numbi ilikuwa inacheza.

Chanda akabonyeza kitufe. "Mama, usiseme. Usitikisike." Midomo ikatulia kidogo, ikaendelea. Uso wake ulikuwa umeelekea miguuni, kama unavyomtazama mtu aliyesimama upande wa miguu ya kitanda.

"Numbi iko nasemesha nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu ndani, mama. Mtu haruhusiwi."

Dakika chache, ikaisha. Mlango ukafunguka. Numbi alitolewa mikono ikiwa baridi, akanitazama kwa hasira ya kweli.

"Weye mulamu hauna adabu. Kunishika muguu wakati wote ule, na hata salamu?"

"Nilikuwa inje na Chanda. Uulize Kalenga."

Kalenga akatikisa kichwa. Tukamsukuma Numbi mpaka kwenye benchi. Halafu akasema, taratibu: "Basi tulikuwa sita. Aliniuliza jina. Nikamuambia jina sikupatie, nimeliwekea mutoto. Akauliza: mutoto ule nitamujua na nini? Nikamuambia: na alama."

"Alama gani?"

"Ile yako. Yenye ulikosea. Ya Chanda ni ya dawa, yako ni ya nyumba."

"Na yeye, alisema iko nani?"

"Nilimuuliza. Akasema: nafata njia."

Aliirudia mashine mara ine zaidi, siku ine, na hakushikwa tena. Alitapika siku mbili za kwanza, akachoka mwili wote. Kisha nikaanza kuona kwenye choo kitu ambacho sikutarajia kukifurahia maishani: rangi ya kahawia. Tulipovuka mpaka kurudi, hakikuwa tena lami. Maumivu yalishuka mpaka alilala bila kuomba dawa usiku wote. Ninyi wa sali mukisikia watu wanasema ule moto unamaliza watu, muwaambie mliambiwa na Ngoie: haukumponyesha Numbi, kama dokta alivyosema, lakini ulimfunga bomba kama alivyoomba. Alikula uji. Alikula samaki mdogo wa Lualaba, nyama yake tu, kidole kwa kidole. Alinitukana kila asubuhi, nguvu imerudi.

Mujinga alizaa siku ya soko, asubuhi, mtoto wa kike. Tulimleta nyumbani, Numbi ameketi juu ya mkeka, mito nyuma. Nilikuwa mimi mwenye kumwosha mtoto, nani mwingine? Nikafungua kitambaa.

Madoa matatu. Madogo, meusi, kama mbegu za lenga-lenga, mchicha wetu. Moja ubavu wa kulia. Moja wa kushoto. La katikati halikuwa pale mbavu zinapoachana. Lilikuwa chini. Nikachukua kidole cha mtoto mwenyewe, kidogo kama njiti, nikakilaza kati ya mfupa na lile doa. Kidole kimoja.

Mikono yangu, mnajua, ilikwisha kushika kitambaa. Iliona alama. Nikasugua mara moja. Halikutoka. Mtoto akalia, Mujinga akasema, "Mama, polepole," na Numbi, kule kwenye mkeka, akacheka mpaka akakohoa.

"Umeona, mulamu? Kidole kimoja chini. Usifute hiyo."

Akamchukua, akampulizia usoni, akasema: Numbi. Mtoto akanyamaza. Siku arobaini na mbili baadaye Numbi mkubwa alikufa, mchana, amelala, tumbo limetulia, bila damu. Nilimwosha pamoja na majirani wawili, Mama Kisimba mdogo, si yule wa mzee Kyungu, na Mama Monga. Juu ya tumbo lake zilikuwa zimebaki, zimefifia, alama za Chanda, mahali pake sawasawa. Ile ya kwangu hao wawili hawakuiona kamwe. Kwa hiyo hakuna mtu wa Kamina aliyejua doa la mtoto linafanana na nini, isipokuwa Kalenga, aliyesikia lakini hakutazama, na mimi.

Ningekomea hapo, mungesema bibi ametupa hadithi nzuri. Lakini sikununua daftari kwa ajili ya hiyo.

Numbi mdogo ana miaka saba sasa, ameingia shule, ana mdomo wa nkambo yake, bibi aliyempa jina. Siku za jumamosi Mujinga ananiletea nimwoshe, ni desturi tumejiwekea. Na kila jumamosi, nikimkausha, namwambia alaze kidole chake mwenyewe kati ya mfupa na lile doa la katikati. Anafikiri ni mchezo. Alipokuwa na miaka miwili, kidole kilienea. Alipokuwa na mine, doa lilianza kuingia chini ya kidole. Jumamosi iliyopita ilikuwa nusu kidole. Madoa ya ubavuni hayajatembea. La katikati linapanda. Linarudi pale alipochora Chanda, na pale Chanda alipochora ndipo kidonda kilipokuwa.

Dokta nilimwuliza. Akasema ngozi ya mtoto inakua, inavutika. Inawezekana. Mimi nafikiri habari ya yule wa sita. Siku zote nilijiambia alikuwa mmoja wa wazee wetu, anayefuata jina ili alilinde. Lakini Numbi hakumwona uso, na yeye hakusema ni nani. Alisema tu anafuata njia, na njia niliichora mimi kwa biki.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi wa sali ya wanawake. Mtoto huyu, ao msichana, ao mama mzima siku ile, akija kwenu akasema bukari inamgomea, musicheke. Musimpe dawa nyeupe mkamrudisha. Musione haya: muulize choo ni rangi gani, na mumpeleke kwenye mpira wenye jicho siku hiyo hiyo. Mimi sitakuwako. Jina lake ni Numbi, binti wa Mujinga na Kalenga, na alama zake ni tatu.

Na wenye walikuwako, Kalenga, Chanda kama daftari hii itavuka mpaka, Mama Bwalya kama bado uko mzima, munisahihishe. Labda msalaba wangu haukuwa chini. Labda ulikuwa kidole kimoja juu, na mimi nimegeuza, na doa linaenda mbali na kidonda, si karibu. Miaka yote nimejisifu kwamba sisahau. Hapa peke yake, naomba mtu aniambie nimesahau.